Mashine za Masikio na Matairi Manne

Tulikuwa tumeiacha Mlandizi nyuma kidogo tu Baba alipoinua mkono, akachomoa mashine ya sikio la kulia, kisha ya kushoto. Akazifuta kwa leso, akazirudisha kwenye kikasha chake, kikasha akakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hakusema neno. Akaegemeza kichwa na kutazama barabara, na mimi nikajua kwamba mpaka Lushoto nitaendesha kimya.

Ilikuwa Agosti 2023. Mashine hizo tulizichukua Dar es Salaam siku tatu tu nyuma, baada ya miaka mingi ya kuongea na Baba kwa kupaza sauti, na baada ya watoto sita wa familia kuchanga. Mtaalamu alipoziwasha, Baba aligeukia dirishani akauliza, "Ndege gani huyo?" Alikuwa kunguru. Kunguru wa Dar, ambaye hakuna anayemsikiliza. Nililia palepale kwenye kiti. Kwa hiyo kumwona anazivua ndani ya gari langu, saa moja baada ya kuanza safari, kuliniuma sana.

Korogwe tuliposimama kula alizivaa tena. Nikamuuliza kama zinambana.

"Hazinibani. Ni gari lako, mwanangu. Linavuma kama mashine ya kusaga. Kila unachosema kinamezwa."

Gari langu ni Suzuki Swift, dogo, na nilikuwa nalo mwaka wa pili. Uvumo huo nilikuwa nimeuzoea kiasi cha kutousikia. Mwenye masikio mazima huuweka pembeni bila kujua, akabaki na maneno. Mashine ya Baba haikuweza kutenganisha hivyo. Ilimkuzia sauti yangu, ikamkuzia na uvumo, na uvumo ndio ulikuwa mkubwa.

Niliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wangu, mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani ambaye kazi yake ni matairi na balansi tu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ni beringi ya gurudumu. Akapanda, akaniambia niendeshe, nikifika mahali peupe niyumbe kidogo kushoto na kulia. Beringi ikiwa mbovu, alisema, uvumo hubadilika uzito unapohamia upande mmoja. Wetu haukubadilika. Ulibadilika tulipotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami ya kokoto, hapo ukapanda mara moja. "Matairi hayo," akasema, kabla hata hatujarudi.

Alipopiga jeki nyuma akanishika mkono, akaupitisha juu ya tairi. Kwenda mbele palikuwa laini. Kurudi nyuma kiganja kilikwaruza kwenye kashata, yale mabonge ya mpira yanayokanyaga lami, kama kinapita juu ya meno ya msumeno. Akanieleza kwamba magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele huwa na ugonjwa huu kwa nyuma: tairi la nyuma halina kazi ya kusukuma, linaburutwa tu, na kama shokapu imechoka au matairi hayajabadilishwa nafasi kwa muda mrefu, kila kashata huisha upande mmoja na kubaki juu upande mwingine. Kisha kila jino linapiga lami kwa zamu. Mapigo hayo ndiyo uvumo.

Halafu akanionyesha namba nne kwenye ubavu, ndani ya kiduara: 2213. Wiki ya 22 ya mwaka 2013. Matairi yale yalitoka Japani na gari, yalikuwa na miaka kumi. Kashata bado zilikuwa za kuridhisha kwa macho, si kipara hata kidogo, lakini mpira ulikuwa umekauka. Akaubonyeza kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. "Hili likilowa, dada, halishiki. Linateleza tu juu ya maji." Nikakumbuka barabara ya Mombo kwenda Soni, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, nikahisi baridi. Nilikuwa nimempandisha Baba huko kwa matairi hayo.

Nilihitaji vitu viwili ambavyo wauzaji wengi waliniambia havikai pamoja: tairi linalong'ang'ania lami yenye maji, na tairi tulivu. Saizi yangu ni 185/60R15, yaani upana wa milimita 185, ubavu wenye kimo cha asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Wiki mbili nilizunguka na namba hizo kichwani.

Duka la kwanza nilipewa tairi la kimichezo, ubavuni limeandikwa TREADWEAR 200. Namba hiyo hulinganisha uchakavu na tairi la majaribio lililopewa 100. La familia huwa mara mbili ya 200 au zaidi. Maana yake mpira wa hili la 200 ni laini, unanata, na unaisha upesi. Kijana muuzaji alilipenda kwa dhati, na nilimwelewa. Lakini lilikuwa na mabonge makubwa ya mpira na mifereji michache. Kwenye lami kavu lingeshika kama gundi; kwenye vuli, maji yangetokea wapi? Na mabonge yale yangemwimbia Baba safari nzima.

Kwenye mtumba nilikutana na jambo ambalo bado linanisumbua, na nalisema wazi kwa kila mwenye gari ndogo. Muuzaji aliniletea matairi manne yanayong'aa, akabonyeza kwa kidole gumba. "Ona, laini, hayana kelele kabisa." Kweli yalikuwa laini. Kila kashata ilijaa vikato vyembamba vya kujipinda, mamia kwa mamia, na ubavuni paliandikwa STUDLESS. Nikampigia fundi picha, akanipigia simu papo hapo: hayo ni matairi ya theluji. Wajapani huyafunga majira ya baridi na kuyatoa baridi ikiisha. Juu ya lami ya moto ya kwetu zile kashata zilizokatwakatwa hulegea na kupinda, gari huchelewa kuitika usukani, na kusimama huchukua umbali mrefu zaidi. Yanauzwa mchana kweupe, na anayeyanunua anaona kashata nene tu, anamshukuru Mungu kwa bei. Sidhani kama yule muuzaji alikusudia kunidanganya. Hakuwa anajua, na mimi pia nisingejua.

Tairi nililolichukua mwishowe lilikuwa jipya, limetengenezwa kwa soko la Ulaya, bado na kibandiko chake cha rangi. Kwa kushika kwenye maji lilipewa A, daraja la juu kabisa. Kwa kelele, desibeli 68, wakati jirani yake kwenye rafu alikuwa na 70. Kila desibeli 3 zikipungua, nguvu ya sauti inabaki nusu, kwa hiyo mbili si za kupuuza. Ila fundi alinitahadharisha kuhusu namba hiyo, na ushauri wake ulikuwa na thamani kuliko kibandiko: hupimwa nje, gari likipita kwa kilomita 80 kwa saa, injini imezimwa. Inamhusu aliyesimama kando ya barabara. Aliyekaa ndani inabidi aangalie tairi lenyewe.

Tukaliangalia pamoja, tumechuchumaa mlangoni mwa duka. Mifereji mikubwa ilizunguka tairi kwa urefu, ya kutoa maji. Upande wa nje, ulioandikwa OUTSIDE, kashata zilikaribiana sana, karibu ziungane. Huo ndio upande unaobeba gari kwenye kona. Upande wa ndani palikuwa wazi zaidi. Kisha akanifanya nizipime kashata kwa vidole, moja baada ya nyingine, nikagundua hazilingani: moja pana, inayofuata nyembamba kidogo, ya tatu tena pana. Zikilingana zote, alisema, zinapiga lami kwa noti moja na noti hiyo inakuwa filimbi. Zikipishana, sauti inatawanyika. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu fulani kiwandani hukaa na kupanga mpira usiimbe.

Yalikuwa laki mbili na themanini kila moja. Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya friji iliondoka yote, na sikuona uchungu. Fundi alibadilisha shokapu za nyuma, akapiga alaimenti na balansi, akajaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwa kukisia. Akaniagiza kilomita mia tatu za mwanzo niende pole, maana tairi jipya hutoka kiwandani na utelezi wa dawa ya kulitoa kwenye umbo lake. Nilizimaliza mjini, kazini na kurudi, jioni nyingine nikiwa nimezima redio ili nisikilize.

Novemba Baba alikuja Dar kwa basi na kaka yangu, mashine zake zikarekebishwe. Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño, mvua haikuwa na adabu. Kaka alitaka turudi kwa basi wote. Nikamwambia Baba atarudi na mimi.

Mlandizi tukaipita. Nilikuwa natazama mkono wake zaidi ya nilivyopaswa. Ulikuwa juu ya goti. Chalinze tukakunja kulia kuelekea Segera, nikawasha taa ya kukunjia, na Baba akageuza kichwa.

"Hiyo tik-tik ni nini?"

"Indiketa, Baba."

Akatikisa kichwa polepole. Mtu huyu aliendesha malori tangu ujana wake. "Nilidhani magari ya siku hizi hayana mlio," akasema. "Miaka yote hii."

Baada ya hapo alianza kuongea, na hakuongea kwa sauti ya juu kama wafanyavyo wasiosikia. Aliniuliza bei ya matairi, nikamtajia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza yametengenezwa wapi. Akakumbuka matairi ya General yaliyotoka kiwandani Arusha, jinsi walivyoyapigania, jinsi walivyokuwa wakitembea na spea mbili na bado wasilale vizuri. Kabeji, viazi na matunda kutoka Lushoto mpaka soko la Kariakoo, gari likiwa limeelemewa.

Mombo tulifika saa kumi alasiri, mvua ikinyesha. Kutoka pale mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda. Nikashusha gia. Maji mekundu yalikuwa yakikatiza lami kutoka mlimani, na nilihisi kupitia usukani yale matairi yakiyapasua na kukaa. Kwa mara ya kwanza kwenye barabara ile mikono yangu haikuwa imekaza.

"Utingo wangu wakati huo," Baba akasema, "alikuwa baba yako mdogo."

Nilijua nina baba mdogo aliyefariki kabla sijazaliwa. Nyumbani ipo picha yake moja, amesimama kando ya lori, na hakuna aliyewahi kutuambia zaidi. Sikumgeukia Baba. Niliogopa nikifanya chochote ataacha.

"Aliacha shule anifuate. Kona hizi kukiwa na mvua alikuwa anashuka, anatembea nyuma ya gari kwa miguu na kabari ya mti begani. Gari likianza kurudi nyuma, anaitia chini ya tairi. Kilometa zote hizi, kwa miguu, analowa. Sasa siku moja, tuko hapa chini ya Soni..."

Akakatiza. Akainua kidole.

"Honi. Kuna gari kubwa linashuka."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilikanyaga breki hata hivyo, kwa nguvu, kwenye lami inayotiririka, ndani ya kona. Gari likainamisha pua na kusimama pale pale nilipotaka lisimame, ndani ya upande wetu, halikuteleza hata upana wa kiganja. Basi likatokea limejaa barabara nzima, taa zikiwaka, likatupita karibu kiasi kwamba niliona watoto dirishani. Maji yakatufunika kioo, waipa zikayafuta.

Tulikaa sekunde kadhaa. Baba aligusa sikio lake la kulia, akaikaza mashine vizuri.

"Nilikuwa nimefika wapi?"

"Kabari, Baba."

"Ee. Kabari," akasema. Nikaachia breki taratibu, tukaendelea kupanda.