Tulikwenda Pangani Kuota Jua

Njombe ya mwezi wa saba humsimulii mtu wa pwani akakuelewa. Asubuhi kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10, ukungu unang'ang'ania mpaka saa nne, na ukipanda Makete unakuta barafu imelala juu ya majani ya viazi. Maji ya kunawa uso unayaomba radhi kwanza. Kwa hiyo Mgosi alipoandika kwenye kundi letu la WhatsApp, "Njooni Pangani, nimepata nyumba karibu na maji, bei ya kishkaji," nilijibu ndiyo kabla ya kuuliza ni lini.

Kundi lenyewe ni la tuliosoma sekondari pamoja. Zamani lilikuwa na kelele, siku hizi wanaoongea kweli ni wanne. Mgosi, jina linalotokana na namna watu wa Tanga wanavyoitana, yuko bandarini Tanga. Dada Mkuu ni nesi Dodoma. Cheo hicho alipewa kidato cha tatu na hadi leo hajakikabidhi kwa mtu. Ticha ni mwalimu wa historia, Morogoro. Mimi wananiita Kamwene kwa sababu ya salamu ya kwetu, na nimeshazoea.

Dada Mkuu alitaka Zanzibar. Sina ugomvi na Zanzibar, lakini kwa safari fupi ya kuonana na marafiki naona inachosha. Kuna Mji Mkongwe, kuna mashamba ya viungo, kuna pomboo wa Kizimkazi, kuna jua la kuchwa Nungwi ambalo lazima mliwahi, na kila kitu kina saa yake na bei yake. Mnarudi na picha tele na hamjui mwenzenu anaendeleaje. Pangani hakuna la kufanya. Unafika, unakaa, unaangalia mto unavyoingia baharini, na ukishamaliza kuangalia inabidi umgeukie aliye pembeni yako muongee. Hoja yangu ikapita, nadhani zaidi kwa sababu ya nauli.

Safari ya kushuka kutoka nyanda za juu unaweza kuipima kwa nguo. Njombe saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa na koti, sweta na kofia ya sufu. Mafinga bado nimejikunyata, ile misitu ya misonobari ya Sao Hill haina huruma. Ilula, penye nyanya, koti likapanda kwenye keria. Kitonga basi likaanza kushuka kona baada ya kona, malori yamefuatana, harufu ya breki imejaa ndani, na sweta likavuliwa. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, mibuyu huku na huku, vijana wanakimbiza mafungu ya vitunguu madirishani, nikaiona ile kofia ya sufu kichwani kwangu kwenye kioo na nikaificha haraka. Mikumi barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na dereva aliyekuwa akikimbiza tangu Iringa ghafla akawa mstaarabu, maana kumgonga mnyama pale kuna faini. Tembo walikuwa wanakula kando ya barabara bila habari na sisi. Mtoto wa kiti cha jirani alihesabu swala mpaka akasinzia.

Msamvu, Morogoro, ndipo tulipopanga kukutana. Dada Mkuu alikuwa amekuja kwa treni ya umeme kutoka Dodoma, hana hata vumbi, ananiangalia mimi niliyesagwa na basi kwa macho ya huruma. Ticha alikwenda kumpokea stesheni kwa pikipiki. "Nimeazima ya jirani," alisema, akaegesha katikati ya bajaji mbili mahali ambapo mimi nisingeingiza hata baiskeli, akachomoa ufunguo na kumrushia kijana mmoja pale stendi airudishe. Amekonda kidogo. Nilimuuliza habari za kazi, akasema, "Kazi zipo tu." Tukapanda basi la Tanga.

Tuliingia stendi ya Kange usiku. Mgosi alikuwa anatusubiri amevaa jaketi, zipu imefungwa hadi kidevuni.

"Jamani poleni, baridi ya mwaka huu imezidi."

Mimi nilikuwa na fulana na jasho linatiririka. Tulicheka mpaka wapiga debe wakageuka. Lakini hakuwa anatania. Mwezi wa saba kusi linavuma, usiku Tanga panapoa, na kwa mtu aliyezaliwa kule nyuzi 21 ni sababu ya kutafuta blanketi. Usiku ule nililala bila shuka, dirisha wazi, kwa raha ambayo sijui niifananishe na nini.

Asubuhi shemeji alitupa mbaazi za nazi na mandazi. Mbaazi zile zilikuwa zimeiva mpaka zimekubali kuachia tui lote, na kila ukimega andazi linarudi limelowa. Nilikula kwa kujisahau. "Shemeji, kwenu hamna nazi?" aliniuliza, akaniongeza bila kungoja jibu.

Kutoka Tanga hadi Pangani si mbali, hata kwa kigari cha Mgosi na barabara ile iliyokuwa bado mikononi mwa wajenzi, kipande lami, kipande vumbi. Baada ya mji kuisha mkonge unaanza, mistari imenyooka hadi macho yanachoka. Hapo Ticha akaamka. Alisema mkonge wote huu una mama mmoja: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafia njiani, na iliyofika ikiwa hai ikapandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto Pangani, ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62, miaka ya 1960 Tanganyika ikawa inavuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikaongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni. Aliieleza vizuri kiasi kwamba Mgosi, ambaye amepita barabara ile maisha yake yote, alipunguza mwendo.

Pangani yenyewe ni mji mdogo uliokaa kwenye mdomo wa mto, ng'ambo kuna Bweni na mlima wake, katikati kuna kivuko kinachokwenda na kurudi. Wakati huo daraja la mita 525 lilikuwa linajengwa, la ile barabara ya kuunganisha Bagamoyo na Tanga, na wenyeji walikuwa wanalisubiri kwa hamu. Mimi nilifurahi kuwahi kivuko. Ukiwa umesimama mle na baiskeli, mbuzi, matenga ya samaki na gari la serikali, dakika chache tu za maji, unasikia habari zote za wilaya.

Jioni ya kwanza tulitembea mjini. Kuna lile Boma, kuna mtaa wa Uhindini wenye nyumba za ghorofa zilizochoka, roshani zimelegea, milango ya nakshi bado inang'ang'ania. Ticha akaingia kazini tena. Alitusimamisha karibu na mto akaanza: mwaka 1888 watu wa kampuni ya Kijerumani walikuja kupandisha bendera yao hapahapa, wakadhani wamenunua pwani kwa karatasi waliyosaini na Sultani wa Zanzibar, watu wa Pangani wakakataa, Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani nzima, hadi Ujerumani ikabidi ilete jeshi na manowari. Alinyongwa hapahapa Pangani, Desemba 1889. Watoto waliokuwa wanacheza mpira walikuwa wameshasogea kusikiliza. Muuza kahawa naye alitua dele lake chini. Ticha akawauliza watoto swali, mmoja akajibu, akampongeza kwa makofi yale ya shuleni, pa pa pa.

"Wanafunzi wako wanafaidi, mgosi," Mgosi alisema.

Ticha aliangalia mtoni. "Kivuko kile kinarudi," akajibu.

Kesho yake tulivuka kwenda Ushongo, nia yetu ni kisiwa cha Maziwe. Ni fungu la mchanga tu siku hizi, linaonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanakuja kwa wingi kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na sasa kasa akitaga pale inabidi watu wayahamishie mayai ufukweni Ushongo yasife maji. Nahodha alikuwa mzee mwenye kofia ya kiua. Tulimwamkia, akaitikia, akatazama bahari, akatutazama sisi, macho yake yakakaa kwangu kidogo.

"Wewe umetoka bara?"

"Njombe, mzee."

"Basi leo hatuendi, mwanangu. Kusi limechafua. Ukitapika humo mashuani mimi ndiye nitakayeosha."

Hakuna aliyebishana, hata Dada Mkuu. Tulishinda mchanga ule mweupe chini ya minazi, tukanunua madafu, tukalala, tukaamka, tukaongelea walimu waliokufa na wale ambao tulidhani wamekufa kumbe wapo. Dada Mkuu alitusimulia wodi ya wazazi usiku wenye mvua umeme ukikatika. Mimi nikawaeleza habari za parachichi, jinsi madalali wanavyoingia shambani na bei zao mfukoni. Mgosi alilala tu. Jua lilikuwa lile la kadiri ambalo msimu wa kusi unajua kulitoa, linachoma bila kuunguza, na mgongo wangu ulikuwa unalipokea kama ardhi iliyokosa mvua.

Kurudi, mnada wa samaki ulikuwa unamalizikia, tukapata tasi na changu kwa bei ya jioni. Mama mwenye nyumba alituachia jiko la mkaa na mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi nikapewa mimi. Nilikaa juu yake kwa ujasiri. Baada ya muda mama alikuja, akachungulia sinia, akaona nazi yangu ina weusi.

"Mwanangu, unakuna nazi au unakuna kifuu?"

Akanitoa, akakaa yeye, na mkono wake ukaanza kuzunguka bila yeye kuangalia. Akakamua tui zito akaliweka pembeni, akatia maji akakamua jepesi. Lile jepesi lilipikia wali. Zito lilichemshwa na ndimu, tangawizi, pilipili na chumvi hadi likashika, ndilo la kumpaka samaki akiwa juu ya mkaa.

Ticha alikuwa anapara samaki. Anajua kupara. Anamshika mkia, kisu kinakwenda kinyume na magamba kwa mikwaruzo mifupi, yanaruka yanamganda mikononi na kwenye saa. Alikuwa kwenye changu wa tatu hivi alipoongea bila kuinua kichwa.

"Mimi sifundishi siku hizi."

Shule aliyokuwa nayo, ya binafsi, ilikuwa haijalipa mishahara miezi kadhaa. Walimu walivumilia, kisha wakaambiwa anayetaka aondoke. Akaondoka. Pikipiki ile haikuwa ya jirani, ni ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, mwishoni itakuwa yake. Ni zaidi ya mwaka sasa. Muda wote huo kwenye kundi alikuwa anatuandikia "poa sana wakuu", na sisi tunamjibu kwa vidole gumba.

Mkaa ulikuwa unalia. Mgosi akasema pole, halafu akaongeza, "Huyo samaki umemmaliza, nipe," akamchukua, akampasua mgongo, akampaka chumvi. Dada Mkuu ndiye aliyewaka.

"Nilijua tangu stesheni. Mtu wa kuazima haegeshi vile. Nilikuwa nangoja uniambie tangu Chalinze, tangu Segera, tangu jana. Unatuona sisi akina nani?"

"Nilikuwa nangoja nafasi," Ticha alisema.

"Nafasi ya nini? Tuna simu!"

"Ningeandika nini kwenye simu?"

Hapo hata Dada Mkuu hakuwa na jibu. Tulikula kwa mikono kutoka sinia moja, na Ticha, akiwa ameshautua mzigo, akawa msemaji wa usiku mzima. Alituambia abiria wa Morogoro wanavyopatana nauli, akaigiza mzee mmoja anayempandia kila Ijumaa kwenda msikitini na ambaye humpa mtihani wa historia njiani, akikosea halipi. Kuhusu kazi, Mgosi anamfahamu mtu mwenye shule Muheza na aliahidi kuulizia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, kuulizia si kupata.

Kuagana kulikuwa kwa haraka, basi lilikuwa linaondoka. Sweta nililivaa tena Mafinga.

Lililobaki ni la hesabu. Dada Mkuu, mweka hazina kwa kujiteua, alituma mchanganuo wa michango: nyumba, mafuta ya gari, samaki, mkaa, asante ya mama mwenye nyumba. Mbele ya jina la Ticha aliandika "amelipa". Ticha akauliza kundini ni nani aliyemlipia. Kimya. Nusu saa baadaye akamtumia Dada Mkuu mchango wake wote kwa simu, na ujumbe: "Msinifanyie hivyo." Dada Mkuu akamrudishia usiku uleule. Asubuhi Ticha akamtumia tena, safari hii na ya kutolea. Mpaka ninapoandika haya hela hiyo bado inakwenda na kurudi kati ya Dodoma na Morogoro, anayenufaika ni mtandao wa simu na makato yake, na Mgosi ameomba kwamba kama hakuna anayeitaka, aletewe yeye Tanga anunue jaketi zito.