Mgeni Asiyelipa Ada

Shule niliyosoma kidato cha tano na cha sita, kati ya Julai 2016 na Mei 2018, ipo nje kidogo ya mji wa Moshi, na kama zilivyo shule nyingi za bweni, siku yake ilikuwa imekatwakatwa na kengele. Ya kwanza ililia saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao mwezi wa Julai hakuna mwenye akili timamu anayetaka kugusa maji ya bomba yanayoteremka kutoka mlimani. Baada yake kulikuwa na mchakamchaka, usafi, mstarini, vipindi hadi saa nane na nusu, ugali na maharage, kisha usiku prepo hadi saa nne. Katika juma zima, saa mbili tu ndizo tulizoweza kuziita zetu, nazo zilikuwa za klabu, Jumatano alasiri.

Klabu zenyewe zilikuwa nyingi. Malihai walipanda miti na kuimwagilia, Skauti walifunga na kufungua mafundo ya kamba, wanamdahalo walivaa tai na kubishana kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa Klabu ya Gazeti la Ukutani, yenye wanachama tisa, wanane wa tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na mmoja wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) tuliyemwomba kwa unyenyekevu kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Sitadanganya kwamba nilipelekwa huko na mapenzi ya uandishi. Shuleni kwetu Kiswahili kilikatazwa nje ya kipindi chake, na aliyenaswa akikizungumza alivishwa kibao cha mbao shingoni, ambacho hakuweza kukivua mpaka amnase mwenzake. Hivyo mwanafunzi aliyesoma Kiswahili asubuhi ili afaulu mtihani wa taifa aliadhibiwa jioni kwa kukitumia bombani. Chumba cha klabu yetu kilikuwa nchi huru.

Gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi. Tuliunganisha karatasi nne za manila, tukapiga mistari kwa penseli na rula, kisha yule wa PCB akapiga magoti sakafuni na kunakili makala zote kwa maka, nasi tukiwa tumemzunguka bila kupumua, kwa kuwa kosa moja lilimaanisha karatasi nzima. Gundi ilipokwisha, na ilikwisha mapema sana, tuliomba uji mzito wa sembe jikoni. Ulishika vizuri kuliko gundi ya dukani, ila ulikuwa na kasoro moja: panya waliupenda. Toleo la Septemba la mwaka wetu wa kwanza liliamka asubuhi ya pili bila tahariri na bila nusu ya habari za michezo, na hadi leo naamini kwamba hakuna msomaji mwingine aliyewahi kuipitia tahariri ile kwa makini namna hiyo.

Mlezi wa klabu alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa maneno machache na kalamu nyekundu. Kila ugeni ulipokuja shuleni yeye ndiye aliyeagizwa kuandaa ngonjera, yale mashairi ya kujibizana, na sisi ndio tuliozighani, tukiwa tumepangwa safu mbili juani, huku mgeni rasmi akitazama saa yake. Najua kwamba ngonjera ni sanaa yenye heshima, na kwamba mshairi Mathias Mnyampala aliieneza kwa bidii kubwa ili kulifafanua Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa watu wa kawaida. Lakini ngonjera ya mgeni rasmi, ambayo anayeuliza na anayejibu wote wanakubaliana tangu ubeti wa kwanza, ilinichosha nikiwa na miaka kumi na minane na inanichosha bado. Malumbano yasiyo na ubishi ndani yake ni kwaya tu isiyo na sauti nzuri.

Mwezi Februari 2017 maharage yalianza kuja na fukusi. Si mmoja wala wawili. Ulipokoroga mchuzi walipanda juu kama watu wanaopanda daladala. Niliandika makala yenye kichwa cha habari kikali na aya sita za hasira, nikaipeleka kwa mlezi. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaipiga mstari mmoja mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akaniambia, "Mwanangu, hii ukiibandika, Jumatatu mimi na wewe tutakuwa ofisini kwa mkuu. Wazee wetu walipokuwa na neno zito walilivika nguo. Nenda ukalivike."

Ilinichukua wiki mbili. Nilichagua tarbia, mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kila upande, vina vya kati na vya mwisho visibadilike. Nilihesabu kwa vidole mstarini, nikahesabu bwaloni, nikahesabu katika prepo mpaka kiranja akadhani ninafanya hesabu. Nilipompelekea mlezi, aliusoma ubeti kwa sauti ya chini huku akigonga meza kwa kipande cha chaki, gonga moja kwa kila silabi. Kwenye maneno "hapigi hodi mlangoni" chaki iligonga mara tisa, akanyanyua macho. "Umepitiliza." Nilijitetea kwamba ile "m" ya "mlangoni" haisikiki. "Inasikika," alisema, "na wewe ndiye unayetaka isisikike." Nikaenda kufuta. Ubeti uliopanda ukutani ulikuwa huu:

Mgeni huyu jamani, kila siku twamkuta,
Amelala sahanini, mchuzini ajivuta,
Halipi ada shuleni, nafasi ameipata,
Nani kampa idhini, ale nasi bila vita?

Inafaa nieleze kwamba wakati huo ada ya kidato cha tano na sita ilikuwa bado haijafutwa, jambo lililofanyika mwaka 2022, na wengi wetu tulikuwa tukiitwa mstarini kwa majina kwa sababu ya madeni. Kwa hiyo mshororo wa tatu ndio uliowaua watu kwa kicheko. Mpaka kengele ya chakula inalia, nusu ya bwalo walikuwa wameukariri, na mtu akiona kitu kinaelea sahanini alitamka tu, "Karibu mgeni." Mkuu wa shule naye alipita, mikono nyuma, akasoma, akasimama kidogo, akaenda zake. Mlezi alikuwa dirishani akimtazama. Hatukuitwa ofisini.

Jibu lilikuja Jumatatu. Pembeni ya shairi langu palikuwa na kipande cha karatasi ya leja, ile ya kuandikia mali ya ghala, kimebandikwa kwa uji, na mwandiko wake wa kulala ulikuwa wa mtu aliyejifunza kuandika zamani sana. Ulikuwa ubeti mzima, kwa vina vyangu vilevile. Mishororo yake miwili ya kwanza sijaisahau:

Nimesoma ubaoni, neno lenu nimepata,
Njooni kesho jikoni, ungo upo wa kupeta.

Nilikaa na vidole vyangu nikahesabu. Nane kwa nane, hakuna palipopitiliza.

Kesho yake baada ya vipindi tulikwenda, sote tisa, aibu ikituongoza. Mpishi mkuu alikuwa mzee mzaliwa wa Pangani ambaye tulikuwa tumemwamkia kila siku kwa miezi saba bila kumuuliza lolote zaidi ya ukoko. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu. Aliyemwandika mgeni ni nani?" Nilinyoosha mkono. Alinipa ungo. Akatueleza, bila haraka, kwamba gunia huja likiwa tayari na wadudu, kwamba jikoni wapo watu wanne kwa wanafunzi mia sita na zaidi, na kwamba katika ujana wake alikuwa akipeleka mashairi gazetini na kungoja wiki nzima kuona kama yametoka. Kisha akatuonyesha namna ya kupeta: ungo usirushwe kwa mabega, urushwe kwa viganja, punje nzima irudi kwako na iliyotobolewa ikimbilie ukingoni.

Kuanzia siku hiyo kikao cha klabu kilihamia kwenye baraza ya jiko, na mlezi akakiandika kwenye ratiba kama "elimu ya kujitegemea" ili mwalimu wa zamu asiulize. Tulipeta, tulichambua, na babu alisikiliza beti zetu akiwa amefumba macho, kijiko kikubwa cha mbao mkononi. Penye kasoro ya mizani hakusema neno; alikigonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria, mara moja, nasi tukaanza upya.