Neno la Dalali Kabla ya Hodi

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wageni hawakauki, na wengi hupata chumba kupitia dalali. Malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja. Kinachonisumbua moyoni usiku huu ni yale maneno anayoyadondosha njiani bure: "Mama mwenye nyumba mkali kidogo, ila nyumba nzuri."

Mpangaji aliyeambiwa hivyo hutoa shikamoo ya haraka, hubaki kizingitini, na swali lake la kwanza ni mkataba. Mama alishavuta kiti. Anakirudisha ukutani na kujibu kwa mkato: miezi sita, taslimu. Mpangaji akitoka anamwambia dalali, "Kweli ulisema." Ukali ule wamekwisha kuutengeneza pamoja, na kila mmoja anaamini ni wa mwenzake.

Mwanasaikolojia Harold Kelley alilionyesha hili mwaka 1950 kwa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Waligawiwa maelezo mafupi ya mwalimu mgeni, yanayofanana yote isipokuwa sehemu moja: wengine waliambiwa ni mchangamfu sana, wengine kwamba hana uchangamfu. Mwalimu alikuwa yuleyule, darasa lilelile. Asilimia 56 ya kundi la kwanza walichangia mjadala. La pili, asilimia 32. Ndiyo hasara yenyewe: ukishamdhania mtu vibaya unaongea naye kidogo, na hupati nafasi ya kujua kwamba ulimdhania.

Kwa hiyo dalali aulizwe yanayohakikika. Maji hutoka siku zipi? Mita ya umeme, LUKU, ni ya pamoja? Mpangaji aliyehama alikaa muda gani? Akianza habari za tabia, mrudishe kwenye maji.

Mlangoni, salamu zimalizike. Kwa mzee wa Kigogo, "Mbukwenyi" itamkwe vizuri, usubiri jibu, uulize za nyumbani na za mifugo, ukae ukikaribishwa. Kodi ije baadaye. Lakini uchangamfu usizidishwe. Kicheko kisicho na sababu humfanya mwenye nyumba ahisi unatafuta punguzo, naye anajifunga upya.

Wakali wa kweli wapo, sikatai. Hao wapimwe kwa vitendo: anavyomjibu mpangaji wa chumba cha pili anayepita uani, na kama akipokea hela anaandika risiti bila kuombwa mara mbili.