Ufunguo mmoja kwa Corolla yote: nilivyofanya mwenyewe

Corolla yangu ni ile AE100 ya mwaka 1994. Niliinunua ikiwa na funguo tatu: wa swichi, wa mlango wa dereva na wa buti. Mlango wa dereva ulishawahi kubadilishwa baada ya kugongwa, ukaja na kitasa chake. Buti nayo vivyo hivyo. Kila niliyemuuliza alinishauri ninunue seti nzima ya vitasa vya mtumba. Nilikataa, na leo ufunguo mmoja unafungua kila kitu. Imenigharimu elfu ishirini na ushee, na sehemu kubwa ni ya kuchongesha ufunguo.

Kabla sijaingia mwenyewe, fundi mmoja aliahidi kuimaliza kazi kwa nusu saa. Kweli aliimaliza. Alichomeka ufunguo wa swichi kwenye silinda ya mlango, yaani kile kiini cha kitasa kinachopokea ufunguo na kuzunguka, vile vibati vya shaba vilivyochomoza akavipiga tupa mpaka silinda ikazunguka. Nilipofika nyumbani nikajaribu ufunguo wa kabati: mlango ukafunguka. Nikajaribu bisibisi: ukafunguka. Mpaka leo hasira hazijaniisha, kwa sababu vibati hivyo ndivyo ulinzi wenyewe. Vinasukumwa na springi na kuchomoza nje ya silinda ili isizunguke, na ni ufunguo wake tu unaovipanga vyote sawa. Ukivisaga, umebaki na pambo mlangoni.

Basi nikafungua mlango mwenyewe. Kipini cha kushushia kioo kinashikwa na klipu ya waya iliyojificha nyuma yake, na wengi huichokonoa kwa bisibisi mpaka wanachana bodi ya ndani. Usifanye hivyo. Chukua kitambaa cha pamba, kipenyeze kati ya kipini na bodi, halafu kivute huku na huku kama mpiga rangi viatu. Kitambaa kitainasa klipu na kuitoa. Kinga kwa mkono mwingine, maana inaruka.

Silinda nilizifungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono yote miwili humo humo. Springi zake ni ndogo mno. Ikidondoka sakafuni huipati tena.

Hapa ndipo kazi inaponoga. Mlango wa abiria ulikuwa na kitasa chake cha asili, kinachofunguka kwa ule ufunguo wa swichi, na silinda yake imegongwa namba ya ufunguo. Nikaipeleka namba hiyo kwa mchonga funguo mwenye mashine ya kukata kwa namba, akanipa ufunguo mpya kabisa. Ule wa swichi wa zamani ulishalika, na ukichongesha kwa kunakili ufunguo uliolika, unanakiliwa pamoja na ulikaji wake. Uzuri wa gari hizi ufunguo hauna chipu, kwa hiyo ni kukata tu.

Nikachomeka ufunguo mpya kwenye silinda ya buti na kuitazama ubavuni. Vibati vilivyolala sawa na silinda niliviacha. Vilivyochomoza nilivitoa kimoja kimoja. Kila kimoja kimegongwa namba ndogo inayoonyesha kimo cha tundu lake, na vingine vilihitaji kubadilishana nafasi tu. Vilivyokosekana, pamoja na vya mlango wa dereva vilivyosagwa, nilivipata kwenye silinda mbovu za Toyota nilizookota mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa bei ya soda chache. Kibati cha mwisho kilipozama na silinda ikazunguka laini, nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka nje.

Sasa utunzaji. Ukiambiwa utie oili kwenye kitasa, kataa. Oili inashika vumbi, vumbi linageuka tope, vibati vinashindwa kurudi. Mimi niliziosha silinda kwa petroli, nje penye hewa, nikazikausha, kisha nikatia unga wa grafaiti. Ukiukosa, kwangua ncha ya penseli laini, paka unga wake kwenye ufunguo, uingize na kuutoa mara nyingi.

Usining'inize rundo la funguo za nyumba kwenye ufunguo wa swichi. Uzito ule unaila silinda gari likirukaruka barabarani. Na kama umefunga rimoti, fungua kwa ufunguo mara moja moja, hasa ukiishi karibu na bahari kama sisi wa Dar. Kitasa kisichozungushwa kinaganda kwa kutu, nawe utakuja kukihitaji siku betri imekufa.