Tulimficha msiba hadi amalize mtihani

Mama yangu alifariki Oktoba 2023, kule Mgeta. Binti yangu alikuwa bweni Iringa, kidato cha pili, mtihani wa taifa umebaki majuma matatu. Kikao cha familia hakikuchukua hata dakika kumi: mtoto asiambiwe mpaka amalize. Mjomba wangu ndiye aliyetamka, dada zangu wakaitikia, na mimi nikaitikia. Sijui ukoo ambao haujawahi kufanya hivi. Tunaita huruma.

Desemba nilimpokea stendi ya Msamvu. Kabla hata hajashusha begi alikuwa anauliza magari ya Mgeta yanaondoka saa ngapi, maana alikuwa na doti ya khanga aliyodunduliza kumnunulia bibi yake. Nikamwambia palepale, kati ya wapiga debe. Hakulia. Aliikunja ile khanga upya, pole pole, akairudisha kwenye rambo, kisha akaniuliza: "Nilipopiga simu ulisema amelala?"

Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Huyu bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, mimi nikihangaika na cherehani mjini. Haya nayasema ili mjue nilichokificha kilikuwa na uzito gani.

Kufika Februari patroni na matroni wananipigia kwa zamu. Kichwa kinamuuma kila siku, analala darasani, amemjibu mwalimu vibaya. Malaria hakuna. Zahanati wakampa dawa za taifodi, akazimaliza, hali ni ileile. Shangazi yake akasema mapepo, tukaombewa, akachangamka siku mbili. Mwalimu mmoja akaandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Mimi nikashika lile rungu tunaloshika wazazi wote: "Una nini wewe? Unakula, unalala, ada imelipwa!"

Aprili nilimrudisha nyumbani, baadaye nikamhamishia shule ya kutwa. Muuguzi ninayemshonea sare ndiye aliyenielekeza kliniki ya afya ya akili ya hospitali. Kwetu ukitaja kliniki hiyo mtu anawaza hospitali ya Mirembe na minyororo. Siku ya kwanza niliingia nimeshusha mtandio mpaka kwenye nyusi, nikamkuta jirani yangu wa kanisani kwenye benchi, naye kashusha wake.

Mshauri, dada wa makamo, alimuuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, jumla ni 27, na zikiwa nyingi ndiyo hali mbaya. Binti yangu alipata 17. Swali la tisa lilihusu kutamani kufa, na mimi nikanyanyua mkono kumzuia. "Mama, kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo," alisema. "Kama lipo, kunampa mlango wa kulitoa." Lilikuwepo. Binti akasema huwa anaomba alale asiamke. Jioni hiyo, kama nilivyoelekezwa, dawa zote za nyumbani zikaingia kwenye sanduku langu lenye kufuli, na usiku tukawa tunalala chumba kimoja.

Ugonjwa ulipewa jina: sonona. Neno nilikuwa nalisikia kwa wazee, "moyo unanisonona", sikujua kwamba hospitalini wanalitibu. Dada yule alinieleza kwamba mtoto mdogo hasemi nina huzuni, anasema tumbo linauma. Kijana anakuwa mkali. Mtu mzima anakonda kimyakimya na kusingizia uchovu.

Tulipangiwa wiki 12, kila Jumanne, mazungumzo tu. Daktari alisema dawa ya fluoxetine ipo, na nafuu isipoonekana kufikia wiki ya sita angeianzisha. Haikuhitajika. Tiba yenyewe inaanza na swali moja: haya yalianza lini, na kulikuwa na nini katika maisha yako wakati huo? Majibu huangukia penye milango minne, yaani msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa, au upweke. Mshauri aliniambia Waganda waliijaribu kwa vikundi mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na sonona ikapungua sana. Hilo lilinipa moyo kuliko vyeti vilivyokuwa ukutani.

Wiki ya tatu binti aliruhusu nione mchoro wake. Duara ndani ya duara, yeye katikati, na watu wake kawapanga kulingana na wanavyomkaribia moyoni. Duara la kwanza: bibi, peke yake, marehemu. La pili: rafiki yake wa bweni. La tatu: mimi, jirani, na mwalimu wa Jiografia. Nilikaa na ile karatasi mapajani mpaka mshauri akanipa glasi ya maji.

Wiki ya saba wakafanya mazoezi ya maneno atakayoniambia, mshauri akijifanya ndiye mimi. Sheria zilikuwa mbili: chagua saa ambayo hakuna aliyekasirika, na anza na unavyojisikia wewe. Jumamosi nikiwa napukuchua njegere akaja kuketi. "Mama, usinijibu mpaka nimalize. Nilikupigia Jumapili mbili. Zote ulisema bibi amelala. Sasa ukiniambia kitu chochote, siwezi kujua kama ni kweli."

Tulikuwa tunakulinda: maneno hayo yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nimeonywa nisiyaseme. Nikasema, "Nilikudanganya." Ndipo akalia, miezi sita baada ya stendi, na mimi nikalia msiba wangu ambao nao nilikuwa nimeuahirisha kwa ajili ya mtihani.

Mwisho wa Juni tulipanda Mgeta. Alipalilia kaburi mwenyewe, na ile doti akampa mama mkubwa aliyemwosha bibi. Wiki ya kumi na mbili alama zilikuwa 6. Bado zipo siku anazofunga mlango; tumeandika dalili zake kwenye daftari, ya kwanza ni kuacha kusuka nywele, na nikiiona mara mbili mfululizo tunarudi kliniki. Tumerudi mara moja. Mchoro aliurudia pia, nimepanda hadi duara la pili.

Julai 2025 mjomba yule aliyetamka kwenye kikao naye akafariki. Binti alikuwa kidato cha nne, katikati ya mtihani wa mock. Simu hazikukawia: asiambiwe, amalize kwanza. Nikachukua bodaboda mpaka shuleni, nikamwomba mwalimu wa darasa chumba, nikamwambia kabla sijakaa.

Alinyamaza kidogo, akafunga kalamu yake.

"Mazishi saa ngapi?"