Mkojo wa dogo wa bodaboda

Jumapili, saa mbili usiku. Upepo wa Dodoma mwezi huu wa saba haubishi hodi. Dirisha nimelifunga, vumbi limeingia vilevile, lipo mpaka kwenye chai. Niandike kabla usingizi haujanibeba. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili mtu asitambulike.

Dogo ana miaka 22, dereva wa bodaboda. Aligongwa, kichwa kikaumia, akalazwa kwetu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya tano homa ikapanda, makohozi yakawa mazito ya kijani, picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Akaanzishiwa meropenemu, dawa ya kuua bakteria, gramu 1 kila baada ya saa 8, inaingia kwa nusu saa, kama kitabu kinavyosema. Siku tatu baadaye homa ilikuwa bado 39. Kwenye raundi tukafungua faili: kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huutoa, ilikuwa chini, 44. "Figo safi," daktari akasema, tukasogea kitanda cha pili. Na mimi mfamasia nikasogea nao.

Aliyenirudisha ni sista wa zamu, akiwa ameinama anamwaga mfuko wa mkojo. "Mfamasia, huyu mtoto anakojoa mno. Hii ni mara ya tatu namwaga tangu asubuhi."

Chuoni tulifundishwa kuogopa figo mbovu: zikilegea, punguza dozi. Figo zinazofanya kazi kupita kiasi hatukuzitilia maanani. Kumbe kijana aliyeumia, moyo unasukuma kwa nguvu, dripu zinaingia, damu inapita kwenye figo kwa kasi, nazo zinachuja kila kinachopita, dawa ikiwemo. Meropenemu hata kwa mtu mzima wa afya hupungua nusu kila baada ya saa moja hivi. Na dawa za ukoo huu haziui bakteria kwa wingi wa mara moja. Zinaua kwa kukaa, yaani muda ambao kiwango chake mwilini kiko juu ya kile kinachomzuia bakteria kuzaliana. Ukimpa saa mbili asubuhi, na saa nne nyingi imeshaondoka, bakteria anabaki na mchana mzima wa kupumua.

Nilikumbuka habari ya Albert Alexander, polisi wa Uingereza aliyetibiwa kwa penisilini Oxford mwaka 1941. Dawa ilikuwa chache kiasi kwamba waliichuja kutoka kwenye mkojo wake wakamrudishia. Ikaisha, akafariki. Huwa tunaisimulia kama habari ya uhaba wa dawa. Siku hiyo niliisikia kama habari ya mkojo.

Basi tukakusanya mkojo wake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni: mililita 960. Nikabeba sampuli mwenyewe maabara. Kreatinini ya mkojo 4,400, ya damu 44, mililita 2 za mkojo kila dakika. Hesabu ya darasa la saba, 4,400 mara 2, gawanya kwa 44: figo zinasafisha mililita 200 za damu kwa dakika. Mtu mzima wa kawaida yuko kwenye 120 hivi, na wengi huanza kushtuka ikipita 130. Ile "figo safi" ya kwenye faili ndiyo iliyokuwa inatuponyoka.

Daktari hakubisha. Tukapanda hadi gramu 2 kila saa 8, kila dozi iingie kwa saa 3. Pampu zote za dripu zilikuwa na wagonjwa wa dawa za kupandisha presha, kwa hiyo tukahesabu matone: chupa ya mililita 100, mrija wa matone 20 kwa mililita, matone 11 kwa dakika. Sista akabandika plasta kwenye chupa, akaandika 11 kubwa.

Dozi ilipoisha nikaona jambo la kunitia aibu. Chupa tupu, lakini mrija umejaa. Nikavuta kwa sirinji, nikapata mililita 17. Karibu sehemu moja ya sita ya dawa, na mrija ule ulikuwa unaelekea kwenye ndoo ya taka! Miaka yote hii nabishana na madaktari kuhusu miligramu, sijawahi kutazama mrija. Sasa chupa ikiisha tunafuatisha seline, yaani dripu ya maji ya chumvi, kwa kasi ileile mpaka mrija usuuzike.

Kuna wanaotaka dripu ya saa 24 bila kukata. Meropenemu ikishachanganywa haidumu, na joto linaiharibu haraka zaidi, kwa hiyo kwetu mwezi wa kumi na moja sithubutu. Halafu utafiti mkubwa wa BLING III wa mwaka 2024, wagonjwa zaidi ya 7,000, uliwapa wengine dripu mfululizo na wengine dozi za vipindi. Ndani ya siku 90 walifariki asilimia 24.9 upande wa dripu na 26.8 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuapia. Mimi naiamini kidogo. Naamini zaidi kumpima huyu aliyelala mbele yangu.

Maana kitanda cha jirani kulikuwa na bibi, figo zimegoma, mwili umejaa maji, na mtu alishaandika dozi ya kwanza nusu. Hapo nilibisha. Sufuria likijaa maji, chumvi ya kwanza huipunguzi eti kwa sababu maji hayatoki. Dozi ya kwanza akapewa kamili, zilizofuata ndizo tukapunguza.

Kaka wa dogo, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, alinivizia mlangoni. "Dada, mbona vichupa vimekuwa viwili? Hamtamzidishia?" Nikamuuliza korongo la kwao mvua ikinyesha maji hukaa muda gani. "Yanapita tu dada, jioni mchanga." Nikamwambia ndivyo dawa inavyopita kwa mdogo wake. Alitikisa kichwa, akaenda kununua.

Siku ya tatu ya dozi mpya homa ilikuwa 37.6. Siwezi kuapa kwamba ni hesabu zangu, kwani manesi nao walikuwa wanamnyonya makohozi usiku na mchana. Jana tumepima mkojo tena: figo zinasafisha 118. Tumerudi gramu 1, bado kwa saa 3.

Leo mchana kaka mtu yuko mlangoni tena, sauti chini. "Dada, leo naona kichupa kimoja. Ni kwa sababu sijamalizia ile hela?"

"Hapana kaka. Figo za mdogo wako zimeacha kukimbia."

Akafikiri kidogo. "Kwani zilikuwa zinakimbilia wapi?"