Msimu wa Chokaa Makaburini Ujiji

Kaburi lililotushughulisha kuliko yote, sisi wa kujitolea tuliokarabati makaburi ya zamani ya Ujiji, lilikuwa la matofali ya kuchoma, refu, kimo cha goti, na ubavu wake wa magharibi ulikuwa umevimba. Miaka ya nyuma jamaa wa marehemu, kwa mapenzi tu, walilipiga lipu ya saruji juu ya lipu ya zamani ya chokaa. Kwa macho lilikuwa zima. Fundi akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasogea shibiri moja, akagonga tena, na mlio ukabadilika: huku mzito, kule mtupu. Alipopenyeza ncha ya tindo kwenye ufa, bamba la saruji likabanduka kama ganda la yai. Nyuma yake matofali yalikuwa yamegeuka unga mwekundu.

Unyevu hupanda kutoka ardhini. Tofali la kuchoma la zamani ni laini, hunywa maji upesi na huyatoa upesi likiachwa lipumue. Lipu ya chokaa huupitisha unyevu ukatokea nje, saruji huufungia ndani. Kiangazi kikiingia, chumvi iliyoyeyuka katika maji yale huganda, chembe zake hukua ndani ya vitundu vya tofali na kulimega kutoka nyuma, mwaka hadi mwaka, huku nje hapaonekani kitu. Kwenye kaburi hili palikuwa na balaa ya pili. Mtu alikuwa akimwaga chumvi pembeni ili nyasi zisiote. Chumvi ya Uvinza haikosekani Kigoma, na nyasi hufa kweli kwa muda, lakini mvua ya kwanza huipeleka chumvi yote kwenye msingi. Tulikwangua ukungu mweupe chini ya tofali la tatu, fundi akauonja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa chumvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, mvua zimekwisha na nyasi zimekauka. Huo ndio wakati wa kazi hii, kwa kuwa chokaa yataka wiki kadhaa za kukomaa kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Ujiji ulikuwa mji wa misafara hata kabla wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke hawajaufikia Februari 1858, na waliolala pale ni watu wa pwani, Waarabu, Wamanyema waliovuka ziwa, Waha na wengine waliooana humo. Hatuna matumbawe kama makaburi ya Kaole na Kunduchi kule pwani. Yetu ni tofali, mawe na udongo, kwa hiyo kanuni za chokaa za mafundi wa pwani hapa hupimwa upya kabla ya kufuatwa.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja tulikwenda kwa shehe. Jambo lenyewe ni zito: ipo hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume, katika mkusanyo wa hadithi wa Imam Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kaburi kutiwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Sisi tulikuwa tunakuja na chokaa mkononi.

"Shehe, na haya ambayo wazee walikwisha kuyajenga?"

"Hayo yazuieni yasianguke, yasije yakamtumbukiza mtu. Msiyapambe, wala msilijengee lisilojengwa."

Maneno hayo yakawa ramani ya kazi nzima, na kwa maoni yangu ni kanuni bora kuliko nyingi zilizomo katika miongozo ya ukarabati. Kaburi la udongo libaki la udongo. Lililojengwa lizibwe pale tu lilipovunjika. Hakuna vigae, rangi wala majina mapya. Barua zikaenda kwa uongozi wa msikiti, serikali ya mtaa na watu wa mambo ya kale, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda kaburi lililojengwa kabla ya 1863 hata kama halijatangazwa rasmi, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba humo bila kibali. Wa kujitolea walikubaliana jembe na sururu zibaki nyumbani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika, na vijana walioshika panga hawakuipenda. Tulivuta kamba tukaligawa eneo katika miraba ya mita 10 kwa 10. Kila kaburi likapata kigingi kidogo cha mti upande wa miguuni, chenye namba. Kamwe namba haikuchorwa juu ya kaburi. Simu hutaja mahali kwa kukosea mita tatu, nne au zaidi, na katika nafasi hiyo Ujiji hulala watu wanne. Kwa hiyo tulitumia futi kamba kutoka alama mbili zisizohama, pembe ya ukuta na nguzo ya zege. Vipimo viwili vikikutana, kaburi hupatikana hata kigingi kikiliwa na mchwa. Mwembe haufai kuwa alama: utaanguka siku moja, na vipimo vyote vitaanguka nao.

Kaburi lisilo na jiwe husomwa kwa mwelekeo. Kutoka Ujiji kibla kiko kaskazini, kimeegemea mashariki kwa nyuzi kama 20. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kuume akielekezwa huko, basi kaburi hukaa karibu mashariki na magharibi, na kichwa kiko mashariki. Yako yaliyopinda kidogo kuliko jirani zake. Kijana mmoja alitaka kuyapanga upya mawe ya pembeni yafuate njia ili pawe na mistari mizuri. Akazuiwa palepale, maana upinde ule nao ni habari: unaonyesha waliozika walivyokikadiria kibla siku ile, na ukinyooshwa hakuna wa kuurudisha.

Majina mengi hayakuwa kwenye mawe. Yalikuwa kwa akina bibi. Mmoja alikaa kwenye jamvi nje ya ua, daftari likapelekwa kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeukata mrehani?"

Hatukuwa tumeukata, na alipolijua hilo ndipo alipoanza kutaja. Mrehani ulikuwa wa dada yake. Mnyaa wa pembeni ulipandwa na mumewe kuwa mpaka wa makaburi ya ukoo wao. Kichaka cha katikati, ambacho macho ya mgeni yangekiita pori, kilikuwa alama ya watoto watatu. Tangu siku hiyo hakuna mmea uliokatwa kabla ya kuulizwa. Mwanzoni mwa kazi kama hii, fyekeo ndicho chombo cha hatari kuliko vyote.

Nyasi tulizikata kwa mkono, vidole vinne juu ya udongo. Mizizi iliyoingia ndani ya matofali haing'olewi, hukatwa usawa wa ukuta na kuachwa ife, kwa kuwa ukivuta mzizi unene wa kidole unatoka na tofali tatu. Utomvu wa mnyaa huchoma macho vibaya, hivyo waliopewa kazi hiyo walivaa miwani na kukata wakiupa upepo mgongo. Taka zilibebwa nje kwa toroli. Kuzichoma mle ndani hupasua mawe kwa joto, na masizi hayatoki kirahisi.

Makaburi yaliyotitia yanahitaji subira. Mara nyingi hakuna aliyeyachezea: mbao zilizofunika mwanandani, yaani shimo la ndani anamolazwa maiti, zimeoza na udongo umeshuka. Tulipiga chini polepole kwa mpini wa jembe, na palipolia patupu tukaweka ubao mrefu wa kukanyagia, ncha zake zikiwa kwenye udongo imara. Udongo wa kujazia ulitoka palepale nje ya uzio, ukachekechwa mawe na mizizi, ukatiwa tabaka za sentimita kumi, kila tabaka likikandamizwa kwa kiganja au gongo jepesi. Ukishindilia kwa nguvu unabomoa kilichobaki chini. Juu tuliacha mgongo wa shibiri moja, ambao ndio kimo kinachotajwa katika mafunzo ya mazishi na pia unatosha kumwaga maji pembeni. Udongo huu hushuka tena baada ya mvua. Kwa hiyo lundo dogo liliachwa kando chini ya turubai.

Mawe yenye maandishi yaliguswa na maji safi na brashi laini tu, kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye jiwe kavu. Brashi ya waya, sabuni ya unga, klorini na tindikali vilipigwa marufuku. Vyote hung'arisha siku ya kwanza, kisha jiwe huanza kumomonyoka. Kusoma kulifanywa asubuhi mapema. Kigoma jua huchomoza zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, na saa ile ya kwanza mwanga hupita ubavuni mwa jiwe, kila mchoro ukatoa kivuli. Jua likipanda, kioo cha kunyolea kilichoshikwa kwa upande hufanya kazi ileile. Tahadhari kubwa ni tarakimu. Mbili na tatu za Kiarabu hutofautiana kwa jino moja dogo, na jino ndilo hufutika kwanza. Mwaka 1320 wa Hijria ulianza 1902, na 1330 karibu wote ni 1912 ya Miladi: kosa la jino moja ni miaka kumi ya mtu. Palipokuwa na shaka tuliandika zote mbili na alama ya kuuliza.

Ndipo tukarudi kwa lile kaburi la saruji. Fundi alianzia kingo za sehemu zenye mlio mtupu, tindo nyembamba imelazwa karibu sambamba na ukuta, nyundo ndogo. Upande wa mashariki saruji ilikuwa imeng'ang'ania, akaiacha. Baadhi yetu walinung'unika kwamba kazi itakuwa nusu. Alijibu kwa kuonyesha: alipoijaribu pembe moja tu, saruji ilitoka na uso wa tofali, na tofali lililopoteza uso wake uliochomwa hunywa maji mara moja. Chumvi iliondolewa kwa brashi kavu, ikakingwa kwenye karatasi ili isirudi ardhini. Kuisafisha kwa maji ni kuirudisha ndani.

Chokaa ilikuwa ya mifuko ya dukani, ya kilo 25. Mafundi wengi huichanganya papo hapo. Sisi tuliiloweka ndani ya pipa, maji yakiwa juu yake vidole vitatu, kwa wiki nzima, hadi ikawa nzito ya kusimama kwenye mwiko. Ikilowekwa hivyo hushikana vizuri na haipasuki ovyo. Mchanga ulitoka mto Luiche. Wa ufukweni ulikataliwa, si kwa sababu ya chumvi, maana ziwa letu ni la maji baridi, bali kwa kuwa chembe zake ni laini mno, zimelingana na kuviringika, hazishikani. Hata wa mtoni ulipimwa: chupa angavu hujazwa nusu mchanga, huongezwa maji, hutikiswa na kuachwa itulie hadi kesho yake. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi, mchanga huoshwa. Wetu ulioshwa.

Mchanganyiko ulikuwa ndoo mbili za chokaa, ndoo tano za mchanga na ndoo moja ya unga wa matofali ya kuchoma yaliyotwangwa na kuchekechwa. Unga huo ndio siri ya kazi ya chini, karibu na udongo. Chokaa tupu hukomaa kwa hewa tu, polepole sana, na penye unyevu hubaki laini; unga wa tofali huifanya ishike hata pakiwa na maji. Maji ya kuongeza ni kidogo, kazi kubwa ni kuponda kwa chepe mpaka mchanganyiko ulainike wenyewe. Kila anayeushika huvaa glovu na miwani. Fundi pia alijipaka mawese viganjani kabla ya glovu, na chombo cha maji safi kilikaa karibu kwa ajili ya macho.

Ukuta ulinyunyiziwa maji jioni ya kuamkia, na tena asubuhi, hadi tofali likaacha kunywa. Tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika, na lipu hubaki vumbi. Tabaka la kwanza halikuzidi sentimita moja, likakwaruzwa kwa msumari ili la pili lipate pa kushika, la pili likafuata baada ya siku chache. Nyufa ndogo zilipotokea ziligongwagongwa kwa upande wa mwiko zikafungana. Magunia ya katani yaliyoloweshwa yalining'inizwa mbele ya ukuta bila kuugusa, na zamu ya kuyamwagia maji ilidumu karibu mwezi. Hapa ndipo kazi nyingi za chokaa hufia. Siku ya kupaka watu hujaa. Siku ya kumi ya kumwagia magunia maji hubaki mtu mmoja na dumu lake. Watoto wa madrasa ndio waliotuokoa, wakigawana zamu baada ya masomo.

Mvua zilipopita tulikagua kwa daftari mkononi, namba kwa namba. Makaburi kadhaa ya udongo yalikuwa yameshuka tena, tukayaongezea kutoka lundo la akiba. Ubavu wa magharibi wa lile kaburi ulikuwa umeshika, umekauka, bila ukungu mweupe ila mstari mwembamba chini kabisa, ambako chumvi ya zamani ingali ikitoka. Hilo linatakiwa. Lipu ya chini itaichukua chumvi hiyo, itachoka, itabanduliwa na kupakwa nyingine, na tofali litabaki. Upande wa mashariki saruji ya jamaa imeanza kulia patupu kwenye pembe moja, upana wa kiganja. Tumeiandika, na kiangazi kijacho fundi ataigonga tena. Nakala za daftari ziko tatu: msikitini, serikali ya mtaa, na kwa bibi mwenye mrehani, aliyeomba asomewe ukoo wake wote kisha akasahihisha majina mawili.